Shimo Limezeeka, Linafungwaje? Majibu kwa Barua Zenu

Toleo lililopita tuliwaomba mnaofanya kazi au mnaoishi jirani na migodi ya wazi iliyofika miaka yake ya mwisho mtuandikie. Barua zimekuja nyingi kuliko kurasa tulizonazo, nyingine zinauliza kitu kilekile kwa hiyo nimeziunganisha, na majina nimeyaacha maana wengi wenu bado mna ajira za kulinda.

Shikamoo mzee. Naendesha damptraka, shimo letu wanasema limebakiza kama miaka miwili. Ukuta mmoja umeanza kuchanika juu kwenye ukingo, wapimaji wanakuja kila siku na vifaa vyao ila sisi tunaambiwa endeleeni. Benchi za kudaka mawe, zile ngazi zilizokatwa ukutani, zimejaa kifusi mpaka mawe yanaruka yanafika barabarani, ukiuliza mbona hazisafishwi unajibiwa shimo lenyewe si linafungwa. Je ukuta hutoa dalili kabla haujashuka? Na mimi dereva nina la kufanya?

Marahaba mwanangu. Nianze na hilo jibu walilokupa maana limenikera. Shimo kukaribia kufungwa sio sababu ya kuacha benchi zijae, ni kinyume chake kabisa. Shimo likiwa changa kuta nyingi ni za muda tu, ukuta ukisumbua mwaka huu mwakani unachimbwa wote unaondoka na matatizo yake. Miaka ya mwisho kuta zimefika mahali pa kukaa moja kwa moja, ni ndefu kuliko wakati mwingine wowote, zimetikiswa na baruti miaka nenda rudi, zimenyeshewa, na nyinyi mko chini kabisa kwenye sakafu iliyobana ambako njia ya kutokea ni moja tu, rampu. Juu ya hapo mainjinia wakikaribia mwisho wanapenda kuzifanya ziwe wima zaidi. Hesabu yao naielewa, ukuta wenye kina cha mita 300 na urefu wa kilomita 1 ukiutoa digrii 45 ukaupeleka 46 umeokoa kama tani milioni 4 za mawe taka ambazo huna haja ya kuzichimba wala kuzibeba, nani ataikataa hela hiyo? Lakini digrii hiyo ina masharti: baruti za ukutani zipigwe kwa adabu, maji nyuma ya ukuta yatolewe, na benchi za kudaka mawe zidake mawe. Huwezi kuchukua digrii ukaacha masharti.

Sasa dalili. Ukuta mkubwa karibu kila mara unatoa taarifa. Nyufa juu ukingoni zinapanuka, sakafu ya benchi inavimba, maji yanatokea pasipokuwa na maji, vijiwe vinamwagika mfululizo siku ambayo haijanyesha wala haijalipuliwa. Mfano unaotajwa sana ni Bingham Canyon, mgodi wa shaba kule Utah, Marekani. Tarehe 10 Aprili 2013 ukuta mmoja uliporomoka mara mbili usiku mmoja, zaidi ya tani milioni 100 za mawe, yaani mojawapo ya maporomoko makubwa kabisa yaliyowahi kutokea kwenye mgodi, mitambo ikafukiwa chini, na hakuna mtu hata mmoja aliyeumia. Sio bahati. Rada na prizma, vioo vya kupimia vinavyofungwa ukutani, zilishaonyesha ukuta unatembea tangu wiki nyingi kabla, kasi ikawa inaongezeka, siku yenyewe watu wakatolewa mapema.

Wapimaji wenu wanachofanya na hizo namba sio siri. Wanaangalia kasi, yaani leo ukuta umesogea milimita ngapi kwa saa ukilinganisha na jana. Kuna njia aliyoieleza Mjapani Fukuzono mwaka 1985, unachukua 1 unaigawanya kwa kasi, unachora kila siku, ukuta ukiwa unaelekea kuanguka mstari unashuka kuelekea sifuri na pale unapogusa sifuri ndo makadirio ya siku yenyewe. Inasaidia sana ila sio utabiri wa uhakika, kuna miamba inapungua kasi halafu inashtuka tena, mvua moja kubwa inaharibu mchoro wote.

Kinachonitia hofu zaidi kwenye barua yako sio huo ufa mkubwa, ni yale mawe ya barabarani. Rada inaona uso wa ukuta unaosogea kwa pamoja, jiwe moja moja lililolegea mara nyingi hailioni, na jiwe moja linatosha kuua. Benchi ikishajaa kifusi haidaki tena, inageuka kuwa ngazi ya kulirusha jiwe mbele zaidi. Kama njia ya kuingiza mtambo kusafisha imeshakatika, na mashimo mazee huwa yamefika hapo, basi waweke tuta refu chini ya ukuta na barabara isogezwe mbali, ina maana kuna tani kadhaa za mawe yenye madini zitaachwa pale chini. Ziachwe. Hakuna mgodi uliofilisika kwa kuacha kona moja.

Wewe dereva uliza kitu kimoja kwa jina lake, karatasi ya hatua za dharura za ukuta. Inatakiwa iseme kasi ikifika hapa zamu inasimama, ikifika pale wote wanatoka, na nani ana mamlaka ya kusema tokeni saa nane usiku bila kumpigia simu mtu aliyelala. Kama karatasi hiyo haipo, au ipo ila wewe unayepita chini ya ukuta kila nusu saa hujawahi kuiona, andika hilo kwenye kitabu cha usalama cha shifti kwa mkono wako na tarehe. Na kukataa kuingia sehemu unayoona ni hatari ni haki inayotambuliwa kwenye mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa usalama migodini, ule namba 176 wa mwaka 1995, japo najua kuitumia hiyo haki mbele ya supavaiza aliyechelewa kufikisha tani zake inahitaji muwe wengi, sio wewe peke yako.

Kaka habari za kazi. Niko matengenezo. Damptraka zetu zimechoka, injini zinadai ovahoo, uongozi unasema hakuna kununua kitu kipya kwa mgodi unaokufa. Kila siku tunachomoa spea kwenye moja tunaweka kwenye nyingine. Kuna hesabu ya maana hapa au ndo tunasubiri zizime zote?

Hesabu ipo na ni tamu kwa mtu wa matengenezo, sema inaanzia mwisho kuja mwanzo. Usiulize gari hili limefanya saa ngapi, uliza limebakiza saa ngapi za kazi mpaka siku ya mwisho ya mgodi. Chukua mpango wa uchimbaji, soma humo tani za kila robo mwaka na umbali wa kubeba, upate magari mangapi yanahitajika kila robo. Utakuta yanapungua. Kwa hiyo yale ya kustaafu kwanza yachague mapema, sio yajichague yenyewe kwa kufa barabarani. Gari litakalostaafu baada ya saa 4,000 halipewi injini mpya ambayo ingedumu saa 15,000 na zaidi, linapewa injini iliyotolewa kwenye gari lililostaafu jana na bado ina maisha. Huko ndo kuchomoa spea kwa mpango. Mnachofanya nyinyi naona ni kuchomoa kwa dharura, tofauti yake ni kwamba kwenye mpango gari la kutoa spea limesimama mahali safi, limeorodheshwa kila kitu kilichobaki juu yake, na hakuna mtu anaota litarudi barabarani.

Ila kuna mtego uongozi wengi wanausahau. Tani zinapungua lakini safari inarefuka. Rampu nyingi zina mteremko wa asilimia 10, kwa hiyo shimo la mita 300 lina rampu ya kilomita 3 hivi, na gari lililojaa linapanda kama kilomita 12 kwa saa, ni robo saa ya kupanda tu hujahesabu kupakia, kugeuza wala kusubiri. Shimo lilipokuwa mita 100 hiyo ilikuwa dakika 5. Sasa injini chakavu ndo inapewa mlima mrefu kuliko yote maishani mwake, na breki chakavu, ndugu yangu, zinashuka mlima huohuo. Kwenye breki, usukani, matairi ya mbele na mfumo wa kuzima moto hakuna lugha ya mgodi unaokufa. Hapo kama uongozi unabisha acha gari limesimama.

Kitu kingine, usikubali wauze mabuldoza. Kila mtu anaangalia damptraka na ekskaveta, halafu uchimbaji ukiisha ndo wanagundua kazi ya kufunga mgodi ni kazi ya buldoza. Marundo ya mawe taka yanamwagwa yakakaa kwenye mwinamo wake wa kawaida, digrii 35 mpaka 37 hivi, hapo udongo haushiki, nyasi hazioti, mvua inachimba makorongo. Yanatakiwa yalazwe mpaka digrii 20 au chini yake kutegemea na jiwe, na hiyo ni kusukuma mamilioni ya tani. Buldoza zenu zikiwa zimeshauzwa mnada mtakodi za kontrakta kwa bei ya mtu aliyejua kabisa hamna lingine la kufanya. Mngesukuma hayo marundo miaka mitano nyuma, rundo moja likikamilika linalazwa hapohapo wakati mitambo yenu bado ipo na mshahara bado unalipwa na madini, mngelipa sehemu ndogo tu.

Sisi tunaishi jirani na mgodi. Wametuambia wakimaliza shimo litakuwa ziwa, wengine wanasema tutafuga samaki. Ni kweli? Na lile bwawa la topesumu, tope la mabaki ya kiwandani, watalifanya nini, wanasema halitakuwa na hatari tena kwa sababu halitaongezwa kitu.

Dada, ziwa litakuwepo kama shimo limepita usawa wa maji ya ardhini, hilo halina ubishi, siku wakizima pampu maji yanaanza kurudi yenyewe. Litakuwa ziwa la namna gani ndo swali, na jibu limo ndani ya mawe, sio ndani ya ahadi.

Mawe mengi ya shaba, dhahabu na makaa yana pairaiti, ile inayong'aa kama dhahabu wakati sio dhahabu. Pairaiti ikiwa chini ya ardhi bila hewa imelala tu. Ukiivunja ukaianika kwenye hewa na maji inatoa asidi ya salfuriki, asidi inayeyusha metali zilizomo kwenye miamba, na vijidudu fulani vinaikoleza kazi hiyo. Ikishaanza inaweza kwenda miaka mamia. Kama kwenye mawe hayohayo kuna chokaa ya kutosha, asidi inazimwa palepale na ziwa linaweza kuwa zuri tu. Kwa hiyo mashimo mawili yanayofanana kwa macho, moja linaweza kuwa la kuogelea na lingine la kuua ndege.

Kuua ndege sijasema kwa kutia chumvi. Butte, Montana, Marekani kuna shimo linaitwa Berkeley Pit, kina chake kama mita 540. Pampu zilizimwa Aprili 1982, maji yakapanda, yakawa na pH (kipimo cha ukali wa asidi) karibu 2.5, shaba na metali nyingine tele ndani. Mwaka 1995 kundi la mabata bukini weupe lilitua pale, yakaokotwa mizoga 342, na 2016 yakafa maelfu. Kiwanda cha kusafisha maji kilijengwa 2003, na tangu 2019 wanavuta maji ya shimoni kuyasafisha ili yasifike kiwango ambacho yangeanza kuvuja kuelekea maji ya mji. Hiyo kazi haina tarehe ya kuisha. Mgodi ulishaacha kuchimba shimo hilo miaka zaidi ya 40 iliyopita na bado watu wanaamka asubuhi kwenda kazini kwa ajili yake.

Upande wa pili kuna Ujerumani, kanda ya Lusatia, mashimo makubwa ya makaa yamegeuzwa maziwa, watu wanaendesha boti. Lakini angalia walivyofanya. Hawakukaa kusubiri maji ya ardhini yapande taratibu yakiosha asidi ukutani, walileta maji ya mito wakajaza haraka, na mpaka leo kuna vyombo vinapita ziwani kumwaga chokaa. Uzuri ule una gharama ya kila mwaka, hamna ziwa la shimo linalojitunza.

Hali ya hewa nayo inaamua. Sehemu ambayo jua linavuta maji kuliko mvua inavyoleta, ziwa linakaa chini ya usawa wa maji ya ardhini milele, maji yanaingia hayatoki, kwa hiyo visima vyenu vinaweza kuwa salama lakini ziwa lenyewe linakuwa la chumvi mwaka hadi mwaka na hao samaki waliowaahidi watakuwa hadithi. Sehemu ya mvua nyingi ziwa linajaa linamwaga au linapenya kwenda chini, hapo ubora wa maji ndo kila kitu kwa sababu yanatoka yanakuja kwenu.

Halafu kuna jambo ambalo majirani hawaambiwi kabisa. Miaka yote mgodi unavuta maji ya ardhini na kuyamwaga nje, pengine kuna kijito kinatiririka hata kiangazi kwa sababu ya hizo pampu na nyinyi mmeshakizoea, mmelima pembeni yake. Pampu zikizimwa kijito kinaweza kukauka, na maji ya ardhini yatakuwa yanaenda kulijaza shimo kwanza kabla ya kurudi kwenye visima vyenu. Inaweza kuchukua miongo. Ulizeni hilo kwenye mkutano, ulizeni pia majaribio ya mawe taka kuhusu asidi yamefanyika mangapi na majibu yako wapi, na nani atapima maji mwaka wa kumi baada ya geti kufungwa, kwa hela ya nani.

Kuhusu bwawa la topesumu, hiyo kauli kwamba haliongezwi kitu kwa hiyo halina hatari ikataeni hapohapo. Brumadinho, Brazil, tarehe 25 Januari 2019, bwawa lilipasuka mchana watu wakiwa kwenye kula, likaua watu 270. Lile bwawa lilikuwa halipokei topesumu tangu 2016. Lilikuwa limekaa tu. Lilijengwa kwa kupandisha kuta juu ya tope lenyewe, maji yalibaki ndani, nguvu ikawa inategemea tope lililolowa. Baada ya hapo ikatolewa kanuni ya kimataifa ya mabwawa hayo Agosti 2020, na hiyo inataka usimamizi uendelee mpaka bwawa lifungwe kwa usalama, sio mpaka uzalishaji uishe. Bwawa linaloelekea kufungwa linatakiwa likaushwe, liwe na njia ya kupitisha mvua kubwa isiyo ya kawaida, na liwe na injinia anayewajibika kwa jina. Mwombeni jina.

Kwani kwa nini wasirudishe tu mawe shimoni walikoyatoa, tukamaliza ubishi?

Mawe yakishavunjwa yanavimba, kama asilimia 30 hivi, kwa hiyo hata ukirudisha yote mengine yanabaki nje. Lakini hiyo ndo sababu ndogo. Sababu kubwa ni kwamba kurudisha ni kupakia na kubeba upya mamia ya mamilioni ya tani bila gramu moja ya kuuza. Migodi yenye mashimo mawili au matatu ina nafasi nzuri hapa, shimo la kwanza likiisha mawe taka ya shimo la pili yanamwagwa mule, safari inakuwa fupi na rundo la nje halikui. Hiyo inatakiwa ipangwe wakati shimo la pili bado ni mchoro. Na mwanajiolojia ahakikishe kwanza hafukii madini ambayo bei ikipanda watayatamani.

Habari mhariri. Mimi mhasibu. Miaka ya mwisho mgodi wetu unaingiza faida kuliko zamani, sasa wakubwa wanauliza haraka ya kutenga hela za kufunga inatoka wapi. Niwajibu nini?

Waambie hiyo faida ndo kengele yenyewe. Mgodi wa wazi unalipa gharama mwanzoni, unaondoa mawe taka mengi kufikia madini, pengine tani 5 au 6 za taka kwa tani 1 ya madini. Mwishoni taka zimeshaondolewa, imebaki kuchota madini, uwiano unashuka mpaka chini ya 1, halafu shimo likiisha kabisa kiwanda kinaendelea kuchenjua ule mlundikano wa mawe yenye madini kidogo uliowekwa pembeni miaka yote. Buzwagi kule Kahama, Tanzania, shimo liliacha kuchimbwa kabla na kiwanda kikaendelea na akiba ya mawe mpaka 2021. Kwa hiyo kwenye vitabu unaona mwaka mzuri kuliko yote, na unaofuata mapato ni sifuri na gharama za kufunga zimesimama mlangoni. Hakuna mteremko wa kuzoea katikati.

Na makadirio ya kufunga yana tabia ya kukua. Mgodi wa urani wa Ranger kaskazini mwa Australia ulimaliza uzalishaji Januari 2021, makadirio ya kurekebisha eneo yalikuwa chini ya dola bilioni 1 za Australia, mwaka 2022 wenye mgodi wakatangaza ni kati ya bilioni 1.6 na 2.2. Hao ni watu waliojua tangu mwanzo kwamba eneo lao limezungukwa na hifadhi ya taifa na kazi itakuwa kubwa. Hela isipokuwepo anayelipa ni umma. Summitville, Colorado, mgodi wa dhahabu wa wazi, kampuni ilifilisika Desemba 1992 ikaacha maji yenye sumu na serikali ya Marekani ikaingia. Faro kule Yukon, Kanada, ulitelekezwa 1998 na walipakodi wanabeba mpaka leo.

Kwa vitendo, tenga kwa kila tani inayochimbwa sasa, weka mahali ambapo mgodi hauwezi kukopa, na makadirio yafanywe upya kila mwaka na mtu ambaye bonasi yake haitegemei yakiwa madogo. Kazi za kulaza marundo na kufunika udongo zihamishie kwenye bajeti ya uzalishaji kuanzia leo. Jambo moja dogo ambalo wahasibu hawalioni: ule udongo wa juu uliokwanguliwa siku ya kwanza, nenda ukauangalie upo wapi. Migodi mingi iliumwagia mawe taka juu au iliutumia kurekebisha barabara. Kama haupo, bei ya kufunika imeshabadilika.

Wanataka kuchimba handaki chini ya shimo ili mgodi uishi. Ni wazo zuri?

Linaweza kuwa zuri sana, Chuquicamata ya Chile ilichimbwa wazi zaidi ya miaka 100 na 2019 ikaanza kuzalisha chini ya ardhi. Ila handaki chini ya shimo linarithi shimo. Mirny, Siberia, shimo la almasi la mita 525, uchimbaji wa wazi uliisha 2001, wakaenda chini, na Agosti 2017 maji yaliyokusanyika kwenye sakafu ya shimo yalipasua yakaingia mgodini, wachimbaji 8 hawakupatikana. Palabora ya Afrika Kusini nayo, wakichimba chini kwa kuuacha mwamba uporomoke wenyewe, ukuta mkubwa wa shimo lililo juu ukaanguka. Kwa hiyo maswali ni mawili: maji ya shimoni yanatolewa na nani kwa muda wote wa handaki, na mwamba ulioachwa katikati ni mnene kiasi gani. Kama majibu ni ya haraka-haraka, hilo wazo halijaiva. Na uamuzi uje mapema, miaka mitano au zaidi kabla shimo halijaisha, manake handaki linachimbwa taratibu na mafundi wa chini sio hao hao wa juu.

Nina miaka 29, mpangaji wa uchimbaji. Wenzangu wazuri wote wanaondoka. Nibaki mpaka mwisho au na mimi nitafute pa kwenda?

Ningekuwa wewe ningebaki, ila kwa maandishi. Bonasi ya kubaki iwe kwenye mkataba, ilipwe tarehe inayojulikana, na ilipwe hata wao wakiamua kufunga mapema. Bonasi ya mdomo siku ya mwisho huwa haina mwenyewe. Sababu ya kubaki ni kwamba watu waliofungua migodi wako wengi, waliowahi kuifunga mpaka mwisho ni wachache, na migodi mingi iliyofunguliwa miaka ya 1990 na 2000 inakuja kwenye umri huo sasa.

Uongozi wenu nao nina neno nao. Wanaoondoka kwanza ni wale wenye pa kwenda, yaani wale mnaowahitaji. Fomani mmoja aliyekaa miaka 20 anajua bomba la zamani limepita wapi, mahandaki ya wachimbaji wa kale yako chini ya benchi gani, rundo lipi lilipokea mawe yenye pairaiti mwaka ambao hamna aliyekuwa anaandika. Hayo hayamo kwenye kompyuta. Mkalisheni na mtu mwenye ramani wiki nzima kabla hajaaga, mlipe kwa hiyo wiki. Mimi nimeshuhudia mgodi unachimba mitaro kutafuta bomba ambalo mzee mmoja aliyestaafu angelionyesha kwa kidole. Na watu waambiwe tarehe ya kufunga ukweli mapema, hata kama itabadilika, kuficha kunawafukuza haraka kuliko kusema. Mafunzo ya fani nyingine yaanze mtu akiwa bado na mshahara, dereva wa damptraka anayejifunza buldoza ana miaka kadhaa zaidi ya kazi palepale.

Wachimbaji wadogo na watoto huwa wanaingia kwenye mashimo yaliyoachwa. Uzio unatosha?

Hapana. Uzio unaibiwa nguzo na waya ndani ya mwaka. Kinachodumu ni tuta la mawe kuzunguka shimo lote, na rampu yenyewe inazibwa kwa mawe makubwa ambayo hayasogezwi kwa mikono. Mwongozo wa Australia Magharibi unataka tuta lisiwe chini ya mita 2 kwenda juu na mita 5 upana wa kitako, na likae angalau mita 10 nje ya eneo ambalo ukingo unaweza kuja kubomoka baadaye, sio mita 10 kutoka ukingo wa leo. Wengi wanakosea hapo, wanaweka tuta pazuri kabisa halafu baada ya miaka kadhaa ukingo unakula unalifikia linaanguka shimoni. Mwambieni mtaalamu wa miamba achore mstari wa mwisho wa kubomoka kabla buldoza halijawashwa, na tuta lijengwe kwa jiwe gumu lisilotoa asidi, wakati damptraka za kulibeba bado zipo.